Sanduku la Taa la Watu Wawili

Siku Tajiri alipomwita ofisini na kumwambia kwamba anataka sanduku jipya la taa, la kufanyiwa kazi na watu wawili bega kwa bega, Baba Pacha aliitikia kwa kichwa huku moyo ukikataa. Alijua hao wawili ni nani. Mmoja alikuwa mkewe.

Tajiri alikuwa mama wa makamo mwenye nyumba ya kununua na kuuza almasi, na Mama Pacha alikuwa jicho lake. Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kulaza jiwe kifudifudi kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa, kulisogeza kwa kibano karibu na mawe ya mfano, ambayo rangi zake zimeshajulikana, na kusema ni jeupe kiasi gani au lina umanjano kiasi gani. Umanjano wenyewe mtu wa kawaida hauoni hata umwapie. Unataka jicho, utulivu na taa. Na taa yenyewe isiwe kama zile za madirishani mwa maduka, ambazo hata kipande cha chupa kikiwekwa chini yake kitameremeta kama cha mfalme. Inatakiwa taa nyeupe, pole, yenye mwanga kama wa mchana wa mawingu mepesi, ndani ya sanduku lililopakwa kijivu ili lisiongeze rangi yake kwenye jiwe. Masanduku hayo Baba Pacha aliyatengeneza karakanani kwake, nyuma ya nyumba. Mjini hakuna aliyemfikia, na mwenyewe alijua.

Hata ndoa yao ilianzia kwenye taa. Zamani, alipokuwa akifunga taa za duka moja la sonara, msichana wa kaunta alimwambia bila hata kumtazama, "Taa zako zinadanganya, kaka." Akampenda papo hapo. Miaka ikaenda, wakazaa pacha, msichana wa kaunta akawa mtu wa kuaminiwa na mawe ya watu. Jioni akirudi humsimulia mumewe mawe aliyoyaona: hili lina ukungu, hili jeupe kama limeoshwa kwa sabuni. Baba Pacha huguna tu, waya mkononi, nusu anasikia nusu hasikii. Hakuona ubaya. Mke yupo, maneno yapo, yatasikilizwa siku nyingine.

Ndipo akaja Lenzi.

Lenzi alikuwa mthamini aliyetoka nyumba nyingine ya almasi. Jina hilo alipewa kwa sababu lenzi yake ya mkono ilikuwa shingoni saa zote, imefungwa kwa uzi mweusi, hata akila. Alikuwa mrefu, mpole, hana mke, na anatumia mkono wa kushoto. Hakuwa mzuri wa sura, na hilo ndilo lililomkera Baba Pacha zaidi. Mwanamume mzuri wa sura unajua pa kumkamatia. Huyu je, mwanamke atampendea nini kama si yeye mwenyewe?

Kwanza yalianza maneno. Lenzi kasema hivi, Lenzi kaona vile. Kisha zikafuata nguo. Asubuhi moja Mama Pacha alilivua gauni lake jekundu mlangoni, akarudi chumbani, akatoka na blauzi nyeupe isiyo hata na kifungo cha rangi.

"Kwani lile lina nini?" mumewe akauliza.

"Wekundu unaingia kwenye jiwe. Lenzi anasema nimekaa karibu mno na sanduku, rangi ya nguo inanichanganya."

"Lenzi ndiye anakuchagulia nguo sasa."

"Baba Pacha, wewe mwenyewe ndiye uliyepaka sanduku kijivu. Si kwa sababu hiyo hiyo?"

Ilikuwa kwa sababu hiyo hiyo. Alibaki na chai yake, akimtazama mkewe akifuta hata rangi ya kucha kwa pamba, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa jambo kubwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba avue wala avae kitu. Mwingine kaja juzi tu, kasema neno moja, na gauni limevuliwa.

Ndio hao sasa aliotakiwa awatengenezee sanduku moja.

Alilichelewesha sanduku lile kwa visingizio vyote alivyovijua: mbao zina unyevu, rangi haijakauka, kioo cha kupozea mwanga hakijafika. Visingizio vilipomwishia, alilimaliza, lakini kwa mtindo wake. Katikati aliweka ubao uliotoka dari ya sanduku hadi ukingo wa meza na kujitokeza mbele kidogo, hivyo wawili wakikaa mmoja hamwoni mwenzake ila kiwiko.

"Na huu ukuta ni wa nini?" Tajiri aliuliza siku ya kulifunga.

"Kivuli, Mama. Mmoja asimtilie mwenzake kivuli."

Lenzi aliinama, akachungulia pande zote mbili, akapapasa ubao kwa kidole. "Shemeji, hii ni akili," akasema, na alisema kwa dhati. "Kila mtu na mwanga wake. Sijaona mahali pengine."

Neno shemeji lilimchoma kuliko tusi. Ukitukanwa unajua unajibu nini. Shemeji ni ndugu wa kutaniana naye, anaingia kwako bila hodi, na Baba Pacha hakutaka mtu wa kuingia kwake bila hodi. Nyuma ya ubao mkewe alicheka kwa jambo ambalo Lenzi alilinong'ona. Huenda lilikuwa la mawe tu, lakini hakulisikia, na lile usilolisikia ndilo linalokaa kichwani.

Mkobani alikuwa na tyubu mpya ya taa, na chini yake ilikuwepo moja ya zamani aliyoitoa kwa sonara fulani baada ya kuchoka. Ilikuwa bado inawaka. Ila mwanga wake ulikuwa umefifia na kuingia umanjano kidogo, kama maji yaliyopitishwa kwenye majani ya chai mara moja tu. Mtu akikaa nayo, jicho linaizoea asijue. Lakini mawe ya mfano yaliyo jirani kwa rangi yangefanana machoni pake, na hapo ndipo mthamini anapopotelea. Upande wa kulia alifunga mpya. Upande wa kushoto, ambao ungekuwa wa Lenzi kwa ajili ya mkono wake, alifunga ile iliyochoka, akaifunika kwa kioo cheupe cha kupozea mwanga, akakaza skrubu. Alijiambia ni mzaha: akosee kidogo, Tajiri amwone si lolote, na Mama Pacha naye amwone.

Haikuchukua muda. Ikawa jiwe likipita kwa Mama Pacha linapewa daraja moja, likipita kwa Lenzi linapewa jingine. Mwanzoni walidhani ni kubishana kwa kawaida. Kisha mteja mmoja akarudisha mawe kwa hasira, yaliyothaminiwa na Lenzi. Tajiri akaanza kumwambia Mama Pacha ayapitie tena mawe yote ya mwenzake, na kumwambia hivyo mbele ya mwenzake mwenyewe.

Baba Pacha alikaa mkao wa kula, akingoja kusikia mkewe akimdharau. Badala yake alisikia huruma.

"Lenzi hali chakula siku hizi," Mama Pacha alisema wakimenya viazi. "Anaogopa ni macho. Baba yake alipofuka, unajua? Ilianza hivyo hivyo. Kwanza rangi, halafu vyote."

"Watu wanazeeka."

"Hajazeeka. Anaogopa." Akakiacha kiazi mkononi. "Jana nimemkuta ameshika mawe ya mfano, anayatazama tu, kama mtu anayeaga watu wake."

Baba Pacha alimenya kiazi mpaka kikabaki kama karanga. Alikuwa ametaka kumpunguza mtu yule, na sasa amemkuza. Zamani mkewe alizungumza habari zake kwa kumheshimu. Sasa alizungumza kwa sauti ile aliyowatunzia watoto wakiwa na homa. Angemweleza ukweli siku ile pale jikoni, yangekwisha. Lakini wivu ulishamkaba. Kusema kungekuwa kumpa Lenzi ushindi, na yeye hakuwa tayari kumpa Lenzi hata kiazi.

Mchana mmoja alikwenda kununua waya, akawaona. Mama Pacha na Lenzi walikuwa wanavuka barabara, yeye amemshika Lenzi kiwiko kama anavyoshikwa mgonjwa. Waliingia kwenye zahanati ya macho. Baba Pacha akavuka nyuma yao bila kuangalia magari, akaingia, akajibanza kwenye benchi la mwisho nyuma ya nguzo.

Alimsikia mkewe akisema, "Usiogope. Hata wakisema baya, tutapanga."

Tutapanga. Neno la watu wawili. Baba Pacha alilirudia moyoni mpaka likawa chungu.

Muuguzi akaja akamsimamia. "Na wewe, baba, namba yako?"

"Nimekuja tu."

"Hapa hatuji tu. Simama pale, ziba jicho moja, nisomee herufi." Akasukumwa mbele ya bango. Akaziba jicho, na lile lililobaki likawa linawatazama wale wawili. Alisoma herufi kwa kubahatisha, kubwa na ndogo, zote akakosa. Muuguzi alimtazama kwa masikitiko, akamwandikia tarehe ya kurudi, akamwambia asiendeshe gari.

Daktari alimwambia Lenzi kwamba macho yake ni mazima, lakini hakuamini. Baba yake naye alikuwa ameambiwa hivyo mwanzoni. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Tajiri, akasema hataki kuharibu mali ya watu, akakusanya vitu vyake akaenda nyumbani. Tajiri hakumzuia.

Mawe yake yalibaki mezani, na Mama Pacha akahamia kiti cha kushoto ayamalize. Alikaa kidogo. Akachukua jiwe alilokuwa amelipima mwenyewe upande wake asubuhi ile, akalilaza pale. Kwa rangi, halikuwa lile. Akalirudisha kulia, likawa lile. Hakumwita mtu. Alizima taa, akachukua bisibisi kwenye droo ya fundi wa jengo, akafungua kioo.

Baba Pacha alikuwa karakanani alipomwona mkewe akiingia mapema, na tyubu iliyofungwa kwenye gazeti kwapani. Akaiweka juu ya meza yake, katikati ya vyuma, taratibu kama yai.

"Hii ni yako?"

Angeweza kukana. Alifikiria kukana. "Ni yangu."

"Ilichanganyika? Uliokota vibaya mkobani?" Alikuwa anampa mlango wa kutokea, na wote wawili walijua.

"Hapana," Baba Pacha akasema. "Niliiweka kusudi."

Mama Pacha alivuta stuli akakaa. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Ulitaka nini?"

"Nilitaka umwone si kitu."

"Nimwone mimi."

"Wewe ndiye unayerudi na jina lake kila jioni. Lenzi kasema, Lenzi kaona. Umevua gauni kwa ajili yake. Umemshika mkono barabarani, nimewaona. Ukamwambia mtapanga. Mpange nini?"

"Ulitufuata. Mtu anaamini anapofuka, ulitaka nimshike nini, sikio?" Kisha akasema, polepole zaidi, "Sina lolote na yule mtu. Ila nikikuambia hivyo utafurahi, na leo sitaki ufurahi. Unajua kwa nini nazungumza naye? Kwa sababu nikisema jiwe lina ukungu, ananiuliza ukungu wa namna gani. Wewe uliniuliza lini?"

Baba Pacha aliigeuza tyubu ndani ya gazeti lake.

"Utakwenda kwake," Mama Pacha akasema akiinuka. "Sasa hivi, kabla giza halijaingia. Ukitoka huko utapita kwa Tajiri. Mimi sikubebei."

Lenzi alipanga vyumba viwili ghorofa ya chini, nyuma ya kiwanda cha mikate. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Baba Pacha alifungua mdomo kubisha hodi, akaufumba alipoona ndani.

Lenzi alikuwa amesimama katikati ya chumba, amejifunga kitambaa machoni. Alikuwa anajifunza. Alipapasa ukingo wa meza, akahesabu vikombe kwa ncha za vidole, akachukua birika, akatia kidole kimoja ndani ya kikombe ili ajue maji yamefika wapi, akamimina. Maji yalikuwa ya baridi. Alishafikiria hata hilo. Yalipomgusa kidole aliacha kumimina, akatabasamu kidogo peke yake. Kisha akajaribu kutembea na kikombe hadi dirishani, akagonga kiti, yakamwagika. Akasimama na kikombe kitupu, mabega yakamshuka.

Baba Pacha aliyekuja na maneno aliyoyapanga njia nzima, kuhusu bahati mbaya na kutokujua, aliyasahau yote.

"Fungua macho," akasema. "Macho yako hayana kitu. Ni taa."

Lenzi alivua kitambaa, akapepesa. "Shemeji?"

"Usiniite hivyo. Nilikufungia tyubu mbovu kwa makusudi. Upande wako peke yake. Mke wangu ameigundua leo."

Kiwandani mtu alikuwa anaburuza trei za mikate. Lenzi aliweka kikombe chini, akaukosa kidogo ukingo wa meza, akakidaka.

"Kwa hiyo mimi ni mzima," akasema. Hakuwa anauliza. Alikwenda dirishani, akatazama ukuta wa matofali ulioko mbele kana kwamba umepakwa rangi saa ile. Alitazama muda mrefu, mgongo kwa mgeni wake, na Baba Pacha akaona mgongo unatikisika, hakujua ni kilio au kicheko. Alipogeuka, furaha ilikuwa imeshapita na nyuma yake imefuata hasira.

"Nimemwandikia mama yangu," akasema. "Aliyemwongoza baba kwa fimbo ndani ya nyumba mpaka akafa. Nimemwambia ajiandae tena. Unaelewa ulichofanya?"

"Ninaelewa."

"Huelewi. Sababu yake nini? Nilikukosea wapi?"

"Mke wangu," Baba Pacha akasema. "Nilikuwa namwonea wivu. Nilidhani mna jambo. Nimekosa, hakuna jambo, nimeambiwa."

Lenzi aliishika lenzi shingoni, akaizungusha kwenye uzi wake. Alikuwa mtu asiyeweza kusema jiwe jeupe kama si jeupe, na hata pale kudanganya kulimshinda.

"Kwake yeye hakuna jambo," akasema mwishowe. "Hajui, na hatajua kwa kinywa changu. Lakini kwa upande wangu hukukosea. Nilikuwa naamka asubuhi kwa ajili ya kiti kile." Akaelekeza mlango. "Sasa nenda. Na ukifika kwa Tajiri, mwambie nashukuru, ila sirudi. Nitatafuta nyumba nyingine. Nikikaa pale nikijua kwamba umejua, sitaweza kumtazama."

Baba Pacha alitoka. Alikuwa amekwenda kuomba radhi, akarudi na kile alichokuwa akikitafuta miezi yote hiyo, na hakikuwa na utamu wowote. Angalau zamani alikuwa akidhani tu, hana hakika.

Tajiri alimsikiliza hadi mwisho. Akamwamuru kung'oa ubao na kufunga tyubu mpya palepale, yeye amesimama juu yake mikono kiunoni. Alipomaliza akamwambia, "Kazi yako nzuri. Wewe mwenyewe ndiye sikuwezi," na tangu siku hiyo taa za nyumba ile zikashughulikiwa na fundi mwingine, ambaye alipaka masanduku kijivu kisicho sawasawa.

Lenzi alipata kazi upande wa pili wa mji. Mama Pacha alimngoja arudi wiki nzima, na alipoelewa kwamba harudi, alijua wa kumlaumu.

"Umemfukuza," alimwambia mumewe. "Mtu mzima, mwenye macho mazima, Tajiri amemwita kwa heshima, na bado hataki hata kutuona. Ni aibu yako anayoikimbia."

Baba Pacha alikuwa na jibu. Lilikuwa ulimini, tayari, na lingemwondolea nusu ya mzigo: hakukimbia aibu yangu, amekukimbia wewe. Lakini akimwambia, angemwona akiacha anachokifanya na kutazama mbali, akikumbuka kila jiwe walilolitazama pamoja, akilipima upya. Angempa mkewe zawadi ambayo Lenzi mwenyewe hakuthubutu kumpa. Afadhali alaumiwe. Akainamisha kichwa, akalaumiwa, na kwa mbali akahisi kwamba huo nao ni wivu, tena ule mbaya zaidi, uliojifunika unyenyekevu.

Alijaribu kuuliza. Jioni aliweka waya chini, akamgeukia. "Leo umeona mawe gani?"

"Mawe tu," Mama Pacha hujibu, akiendelea na lake.

Siku nyingine alimjibu kidogo zaidi, kwamba kuna moja lililokuwa na ukungu, naye akauliza upesi, ukungu wa namna gani. Mama Pacha akamtazama, akajua swali limetoka wapi, na hakulijibu.

Jumapili moja walikuwa wamekaa uani, watoto wanakimbizana na baiskeli moja, Mama Pacha anashona mfuko wa shule uliochanika. Gauni jekundu alikuwa amelivaa, kwa kuwa hakukuwa na kazi.

"Siku ile ulipokwenda kwake," akasema bila kuinua uso, "alikuambia nini?"

"Alifurahi kwamba macho yake ni mazima."

"Na nini tena?"

"Alikasirika. Alikuwa na haki."

Sindano ilisimama. "Hayo tu?"

Baba Pacha aliangalia mikono yake. "Hayo tu," akasema.

Mama Pacha akakata uzi kwa meno, akaweka mfuko pembeni, akainuka kuwaita watoto waje waoge.